Haki ya Kukaa Kitako

Kuna neno moja ambalo kila nikilisikia kinywani mwa mkubwa wa jiji la Nairobi, naukumbatia mkoba wangu: kupendezesha. Mto utapendezeshwa. Barabara itapendezeshwa. Bustani itapendezeshwa. Husemwa kwa upole, mara nyingi kando ya mche ambao mheshimiwa ameinama kuupanda huku kamera zikimmulika, na anayeuliza swali huonekana mtu mpenda uchafu. Baada ya siku chache huja mabati. Mabati yakishasimama, ndani hamna mtu, na aliye nje hajui yataondolewa lini.

Naandika kwa ajili ya ekari kama tano za ardhi katikati ya jiji, baina ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Nikikaa na watu wa rika langu, wenye shahada na kazi za ofisini, lazima mmoja azitaje: "Ile nafasi ya Jeevanjee imekaa bure tu." Wengine huitikia. Kisha huanza kujenga kwa midomo: maegesho ya ghorofa sita, maduka, mkahawa wa kioo wenye kahawa ya shilingi mia nne. Hiyo sentensi yao ya kwanza ina ukweli mwingi kuliko wanavyodhani. Bustani ya Jeevanjee imekaa, na imekaa bure, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Historia yake husimuliwa kama hadithi ya zawadi. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa karibu na 1890, akatajirika kwa reli ya Uganda kwa kuiletea vibarua kutoka Bara Hindi na chakula cha kuwalisha. Alianzisha African Standard, gazeti lililozaa The Standard tunayoisoma leo. Mwaka 1906, mji wa Nairobi ukiwa na umri wa miaka saba tu tangu reli ifike, aliutunuku bustani, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Aliyeizindua alikuwa Duke wa Connaught, mwana wa malkia huyohuyo.

Hadithi ikiishia hapo, inabaki tajiri mwema na mji wenye shukrani. Mimi siamini kwamba mfanyabiashara mwenye akili kama Jeevanjee alisimamisha malkia wa mawe kwa kupenda maua. Miaka ile Wahindi walikuwa wakizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu, ambazo zilitengewa Wazungu. Soko lao la mjini lilikuwa limechomwa moto na serikali mwaka 1902 kwa sababu ya tauni. Kumpa malkia nafasi katikati ya mji kulikuwa, kwa macho yangu, barua ya malalamiko iliyochongwa: sisi pia ni raia wake, basi mtutendee kama raia. Miaka michache baadaye Jeevanjee aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa Mhindi wa kwanza humo, na akaendelea kulalamika kwa maneno. Sanamu ilibaki ikilalamika kimya kimya mpaka mwaka 2015, ilipovunjwa kichwa.

Lakini hata barua ile ilikuwa na pengo. Ilipoandikwa "watu wa Nairobi", Mwafrika hakuwamo. Yeye mjini alikuwa mpita njia. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alivalishwa kipande shingoni, kijisanduku cha chuma chenye karatasi ya kuonyesha ni nani, anafanya kazi kwa nani na ana ruhusa gani. Asiye na kazi hakuwa na sababu ya kuwa mjini, na asiye na sababu aliitwa mzururaji. Nasisitiza neno hilo kwa kuwa sheria ya uzururaji tuliirithi nzima nzima, tukaitumia miaka 34 baada ya uhuru, na haikufutwa hadi 1997. Yaani wazazi wetu walikuwa watu wazima, wakipiga kura na kulipa kodi, na bado polisi alikuwa na haki ya kumuuliza mtu kwenye benchi: unafanya nini hapa?

Kwa hiyo hatukupewa bustani ile. Tuliikalia.

Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko mipango ya jiji. Kukaa ni kuweka kitako chini, na kukaa ni kuishi. Anayekaa mahali ni mkazi, na mahali pake ni makazi. Watu wakikaa pamoja kuamua jambo, hicho ni kikao. Pwani, nyumba ya mji wa kale ilijengewa baraza upande wa njiani, kikalio cha mawe ambapo jirani na mgeni wangeweza kukaa bila kuingia ndani wala kununua chochote. Na kutoka kwenye hicho kikalio ndiko tulikopata Baraza la Mawaziri, baraza la mji na baraza la chifu. Lugha yetu imeweka benchi na serikali katika neno moja. Kisha anakuja afisa wa mipango miji anatuambia kwamba watu waliokaa hawafanyi kitu.

Tazama hata majina ya barabara zinazoizunguka. Upande mmoja ni Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe wao kwa bei ya kutupa, kwa kisingizio cha kuponya udongo wa Ukambani, na ng'ombe wale walipata mnunuzi tayari, kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River. Mamia kwa mamia ya Wakamba, wanawake na watoto miongoni mwao, wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi kumwona Gavana. Hakutaka kuwaona. Wakakaa. Walipiga kambi mjini kwa majuma kadhaa, wakipika na kulala na kungoja, katika mji ambao sheria yake ilisema hawana sababu ya kuwamo. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini mwaka ule haukuisha kabla serikali haijaacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Leo jina lake lipo kwenye kibao, chini yake kanjo wanawafukuza watu wa njugu, na sijaona kibao kinachoeleza kwamba silaha ya mtu huyu ilikuwa kukataa kuinuka.

Si mbali na hapo, karibu na kituo cha polisi cha Central, ndipo tarehe 16 Machi 1922 umati uliposimama kudai Harry Thuku aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawatolea wanaume maneno ya aibu mpaka wakasogea. Serikali ilikiri watu 21 walikufa. Mahali penyewe unapita kwenda darasani bila kujua, kwa sababu ni kando ya barabara na magari hayasimami. Ndiyo hasara ya kumbukumbu isiyo na mahali pa kukaa.

Sasa nije kwa wapendezeshaji.

Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kiliamua kwamba bustani ya Uhuru Park ilikuwa na nafasi ya kutosha kupanda jengo la ghorofa 60, makao ya chama na gazeti lake, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari Maathai akaandika barua, na katika mojawapo akawauliza Waingereza kama wangekubali jengo hilo lisimame Hyde Park. Bungeni alitukanwa kuwa mwanamke aliyeachika. Siku ya Jamhuri mwaka ule, ndani ya Uhuru Park yenyewe, Rais alimshauri awe mwanamke wa Kiafrika wa kweli, aheshimu wanaume na anyamaze. Hakunyamaza. Wafadhili wa nje wakajitoa na mnara ukafa kabla ya kuzaliwa.

Miaka miwili baadaye mkono uleule uligeukia Jeevanjee. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuifanya maegesho ya magari na maduka. Aliyesimama kuupinga alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, na nyuma yake wakasimama watu ambao hawakuwa wajukuu wa mtu yeyote mashuhuri. Mpango ukafa nao. Mimi huwa nafikiria ile miaka kwa pamoja: Julai 1990 watu walipigwa kwa kutaka kukutana Kamukunji, na Machi 1992 akina mama waliokaa Uhuru Park kudai wana wao waliofungwa kwa siasa walivamiwa na polisi kwa marungu na gesi, baadhi yao wakavua nguo kuwalaani. Mnara, maegesho, marungu. Sijui kwa nini tunasoma mambo haya katika sura tofauti, moja ya mazingira na nyingine ya siasa. Yote yalikuwa jibu la swali moja, kwamba mwananchi asiye na kitu cha kununua anaruhusiwa kukaa wapi katikati ya mji wake mkuu.

Na waliokuja kukaa Jeevanjee baada ya hapo ni akina nani? Nenda saa saba mchana. Mhubiri mmoja upande huu, mwingine upande ule, kila mmoja akimtangulia mwenzake mbinguni. Wapiga picha wenye vibao vya sampuli. Muuza mayai ya kuchemsha na kachumbari. Wasichana wawili wanaogawana earphone. Mwanamume aliyevaa suti kamili, bahasha ya kaki mapajani, ambaye huko nyumbani wanadhani yuko kazini. Na kwenye duara lake, Bunge la Mwananchi, ambalo tangu miaka ya tisini limekuwa likijadili bei ya unga, bajeti, mikopo ya nje na makosa ya Arsenal, na hulijadili kwa utaratibu kuliko lile lingine lenye bendera, kwa kuwa hapa hamna posho. Ukisema uongo wa takwimu utaumbuliwa na mtu asiye na viatu ambaye amesoma gazeti zima.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili na maktaba haina kiti kila siku, hivyo nimekula chakula cha mchana pale mara nyingi. Mzee mmoja niliyemuuliza kwa nini huja kila siku aliikunja Taifa Leo ya jana yake na kuniambia, "Binti yangu, mahali pengine pote hapa mjini mimi ni mteja au mwizi." Sijasoma nadharia ya anga za umma iliyonifafanulia Nairobi vizuri kuliko hapo.

Nilithibitisha mwenyewe. Mwaka jana niliketi na kitabu kwenye ngazi za duka kubwa mojawapo jijini, nikimngoja rafiki. Hazikupita dakika kumi askari wa mlangoni akaja, mpole kabisa. "Madam, hapa haturuhusu kukaa. Kama hununui, tembea." Tembea. Babu yangu angekamatwa kwa kutembea mjini bila kazi. Mimi naamriwa nitembee mjini bila kikomo, bora nisitue. Ni sheria ileile imevaa sare nyingine.

Najua hoja za upande wa pili na nitazichukua kwa uzito zinaostahili, ambao si sawa kwa zote.

Ile ya wavivu haistahili hata aya nzima. Nchi iliyofundisha vijana mpaka shahada kisha ikakosa kazi za kuwapa haina uso wa kuwauliza kwa nini wamekaa mchana. Wanaosema hivyo wenyewe hukaa mchana kutwa, ila kwenye viti vya kuzunguka.

Ile ya usalama naiheshimu, tena naiheshimu nikiwa mwanamke. Jeevanjee si peponi. Kuna wanaume wa pale ambao maneno yao kwa msichana anayepita peke yake ni ya kukirihi. Simu hupokonywa. Bunge la Mwananchi lenyewe ni la wanaume kwa sehemu kubwa, na mara ya kwanza nilipoinua mkono nilipewa nafasi baada ya wanaume wanne walioniona nikiinua. Lakini dawa ya giza ni taa. Dawa ya choo kibovu ni choo kizuri chenye mlango unaofungika. Dawa ya wanaume wengi ni wanawake wengi, wenye mahali pa kukaa na watoto wao. Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji mabati, na kila nikiona usalama wetu ukitajwa kama sababu ya kufunga lango, namkumbuka Maathai akishauriwa anyamaze kwa faida yake. Ghafla wanatujali.

Ile ya pesa ndiyo hatari zaidi kwa sababu inasikika kama hesabu. Ardhi ya katikati ya jiji ni ghali mno kuwa bustani, wanasema. Ingeliingizia jiji mapato. Naam, na ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilituonyesha kurasa kwa kurasa mapato hayo huenda wapi: viwanja vya shule, misitu, vyoo vya umma, ardhi ya barabara, vyote viligawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na kila kimoja kilianza kwa mtu kusema kimekaa bure. Ardhi ya umma ikiwekewa bei, huwa imeshapata mnunuzi.

Tena siku hizi hawajengi minara. Wamejifunza. Siku hizi wanakarabati. Uhuru Park, palipoapishwa Kibaki mbele ya bahari ya watu tarehe 30 Desemba 2002, palipotangazwa Katiba tarehe 27 Agosti 2010, palipoapishwa Raila Odinga kuwa rais wa wananchi Januari 2018 huku serikali ikizima televisheni, ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati. Kampeni za 2022 zikafungwa Kasarani na Nyayo, viwanja vyenye kuta na milango inayohesabika. Sidai kwamba mtu alikaa chini akapanga hivyo. Nadai kwamba hakuna aliyelazimika kupanga. Ukishaondoa uwanja ulio wazi upande wa pili wa barabara kutoka Bunge, mengine yanajipanga yenyewe.

Juni 2024 tulipoingia barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, wengi wetu tulizaliwa baada ya mnara wa ghorofa 60 kushindwa na hatukuwa tumewahi kusikia habari zake. Tulikimbia. Hiyo ndiyo picha ninayobaki nayo ya siku zile: kukimbia kutoka kona hadi kona, Kimathi Street, Tom Mboya, Moi Avenue, gesi ikitufuata. Tulikuwa wengi kuliko waliokutana popote katika maisha yetu na hatukuwa na mahali pa kukaa tukaulizana: kesho tunafanya nini? Kifungu cha 37 cha Katiba kinanipa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Hakisemi nikusanyike wapi. Sheria ya utulivu wa umma ya mwaka 1950, ambayo bado tunayo, inanitaka nimjulishe polisi siku tatu kabla. Katikati ya vitu hivyo viwili pamebaki mabenchi ya Jeevanjee, na mtu wa rika langu ananiambia yangelipa zaidi yakiwa maegesho.

Nikiulizwa nataka nini, sitaki bustani iachwe ioze ili nionekane mpenda wanyonge. Mabenchi yaongezwe. Taa ziwekwe. Kaunti ibandike langoni nakala ya hati ya ardhi ile ili kila apitaye asome imeandikishwa kwa jina la nani. Historia yake iandikwe hapohapo kwa Kiswahili: Jeevanjee na tamaa zake na wema wake, Mbingu na ng'ombe, na walioikomboa mwaka 1991. Na siku wapendezeshaji watakapokuja, kwa maana watakuja, wafanye kazi nusu kwa nusu. Mafundi waanzie upande wa Monrovia Street. Sisi tutahamia upande wa Moktar Daddah pamoja na wahubiri na muuza mayai, na wakimaliza tutabadilishana.